Parang Mlangoni pa Kasri

Jumatatu, 10 Juni. Yogya, kisiwani Java.

Tumefika! Mji unanukia yasmini na sukari inayoungua. Njia nzima kutoka Semarang nimemtazama Mbak Wening akisinzia dirishani, nikatuona tumeshaoana, tuna kibaraza na njiwa kwenye tundu. Kisha nikazinduka. Gunadi, mwenzetu wa ofisini, alikuwa anammenyea matunda. Huyo Gunadi amemposa! Wening amemwambia atampa jibu safari ikiisha, Alhamisi. Sina muda. Lakini Wening anapenda mambo ya kifalme. Basi nitamletea mfalme.

Jumanne, 11 Juni.

Kijiji cha wachora batiki, chini ya vilima. Akina mama barazani wanachora kwa nta ya moto, taratibu, kama hawana pa kwenda. Nilitazama mpaka nikasahau jina langu. Halafu nikaiona nguo ya parang! Mistari ya mshazari, kahawia na nyeupe. Muuzaji, Bu Sumirah, akaniuliza nitaivaa wapi. Nikasema popote.

“Popote, Mas, ila si ndani ya kasri. Hiyo huko ni ya Sultani na ukoo wake.”

Nikaitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, nani atakagua kiuno changu? Gunadi amenunua leso. Leso! Maskini.

Jumatano, 12 Juni. Kasri.

Nilishuka nimejifunga parang. Wening akanitazama mara mbili. Mara mbili! Nikaelea hadi mlangoni. Pale mlinzi mmoja, miguu mitupu, jambia mgongoni, akaniinamia na kuniomba radhi kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: niivue, au nibaki nje. Nikamwambia nimetoka mbali. Akanipa pole ya safari. Akaendelea kusubiri, anatabasamu tu.

Nikaivua. Aibu gani hii! Chini yake nilikuwa nimevaa kaptula ya kulalia, ya mabata. Wening alicheka mpaka akashika nguzo.

Gunadi hakucheka. Alitoa mkobani sarongi yake ya kuswalia, akanifunga kwa mikono yake, akasema, “Twende, kaka, ngoma zinaanza, tutakosa.”

Tukakaa ukumbini. Gamelani, zile ngoma na vyombo vya shaba, ikalia polepole, jua limelala mchangani, ubani unapanda. Nikafumba macho, nikawa Sultani kwa muda. Nilipoyafumbua, Wening alikuwa anamtazama Gunadi. Hajawahi kumtazama hivyo. Akamwambia hana haja ya kungoja Alhamisi. Amekubali! Eti mwanamume anayemsitiri mshindani wake ndiye wa kuolewa naye.

Kumbe nimemwozesha mimi. Nililia kidogo. Nikasingizia ubani.

Alhamisi, 13 Juni. Semarang.

Moyo unauma, sitaki kumwona mtu. Kituoni dada yake Wening alikuja kutupokea. Mbak Ratih, mjane. Sauti yake tulivu, mtu unataka kuilalia. Akaniuliza nini kilinigusa kule kasri. Nikasema gamelani. Sijui nini kilinipata, nikaongeza kwamba napiga gongo, lile sinia kubwa la shaba linaloning'inia, tangu utotoni.

Macho yakamng'aa! Kumbe ana kikundi chake, mpiga gongo wao anaumwa, na Jumamosi wanatumbuiza mbele ya mtaa mzima. Akasema Mungu ndiye aliyenileta. Nikakubali palepale. Gongo lenyewe linapigwa mara mojamoja tu, wenzako wakishamaliza kuhangaika. Mtu anakosea vipi hapo?