Cherehani ya Anande Yapanda Mnadani

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeteuliwa! Kusema kweli nilijiteua, ila Mama Tabitha hakupinga. Jiko la kituo chake cha watoto wasiosikia, kule Sokon I, linavuja, na mvua za vuli ziko njiani. Jumapili baada ya ibada tunafanya mnada kanisani tupate mabati. Mimi nitakusanya vitu vya kunadi. Sifaeli naye akanyoosha mkono. Huyu Sifaeli ana duka la vifaa vya ujenzi Kaloleni na hawezi kuona mkono wangu uko juu akauacha wake chini. Mama Tabitha akasema tushindane kwa upendo, atakayefanya vizuri kamati ya kituo itamfikiria kwa uenyekiti.

Mwenyekiti Elihuruma! Nimelitamka mbele ya kioo. Linanikaa vizuri.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeanza na wakubwa. Suti, tai, viatu vya harusi. Kwenye ofisi moja ya utalii nikaomba usiku mmoja katika hoteli yao ya porini, chakula humo humo. Dada wa mapokezi akasema bosi amesafiri. Nikasema nitamsubiri. Bosi akapita mbele yangu akienda kunywa chai, akapita tena akirudi. Nikaondoka na kalenda. Ya mwaka jana.

Madukani nimepata kopo la rangi iliyokauka na mwavuli usiofunguka. Sifaeli, nasikia, kapata godoro. Jipya, bado liko kwenye nailoni yake!

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepanda Nkoaranga kwa baba mdogo Philemoni, mwenye migomba na kahawa. Shikamoo, habari za wote, kisha bakuli la loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando. Nikaona nile kwanza, ombi baadaye, ndiyo adabu. Kosa! Mdomo ukiwa umejaa, mzee akanitangulia. Akasema Mungu ni mwema kunileta, maana nao wana mnada wa mavuno Jumapili hii, na mtoto wao wa mjini hawezi kukosa chochote cha kutoa. Bakuli lilikuwa tupu. Nikavua koti nikalitoa.

Nimeteremka na mkungu wa ndizi, bila koti la suti. Nimekwenda kuomba, nimeombwa.

Afadhali Anande, mke wangu, hakuwepo kuuliza koti liko wapi. Yuko Akeri kwa mama yake aliyeteguka mguu. Atarudi Jumapili jioni.

Jumamosi, 14 Septemba

Mambo mawili makubwa.

La kwanza, nina mgeni rasmi! Mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi, mtu wa Mtwara, kahamia hapa juzi juzi. Sifaeli hana mgeni rasmi. Sifaeli ana godoro.

La pili ni cherehani ya Anande. Ya miguu, nyeusi, ina maua ya dhahabu. Anaitumia kushonea nusu ya Lemara sare za shule. Ndiyo inayotulisha biashara zangu zinapopumzika, na zinapenda sana kupumzika. Siitoi, naiazima tu! Mnada wetu naujua. Mtu mwenye heshima akinunua yai haendi nalo nyumbani. Anasema narudisha, linanadiwa tena, na mwingine naye anarudisha. Nimewahi kuona yai likiuzwa mpaka nikalihurumia. Basi cherehani itazunguka, kila mtu atatoa chake, mwisho nitainunua mimi kwa bei ya huruma. Anande atakaporudi ataikuta mahali pake.

Nimeipakia kwenye toyo, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu. Jirani yangu Nashilu akauliza inakwenda wapi. Nikasema inakwenda kutiwa mafuta.

Jumapili, 15 Septemba

Mnada umekwisha.

Yai lilizunguka. Mkungu wangu ulizunguka. Godoro la Sifaeli lilizunguka mpaka nailoni ikachanika, na watu wakashangilia. Mgeni wangu rasmi alichelewa, akafika godoro linawekwa pembeni. Nikaona wakati ndio huu. Nikafunua kitambaa: cherehani!

Mgeni akataja bei iliyogeuza vichwa vya uwanja mzima. Kwa dau lile jiko lilikuwa limeshaezekwa. Nikapiga makofi kuliko wote, nikasubiri aseme narudisha. Hakusema. Akashukuru, akamwita dereva, wakaipakia. Hajawahi kuona mnada wetu, na aliyemwalika bila kumweleza ni nani? Nikakimbilia gari nikaishika cherehani mguu. Mgeni akadhani namsaidia kupakia. Akanishukuru sana.

Gari likaondoka. Nikageuka. Anande amesimama langoni na kikapu cha mayai, kawahi kushuka ili asikose mnada. Ameona kila kitu. Akageuka, akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani sare za watoto wa watu zimekatwa na kurundikwa mezani, cha kuzishonea hakuna. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimelala kwenye kochi. Ni fupi.

Asubuhi nikamletea Anande mipango. Nikasema nimwambie mkurugenzi kwamba cherehani ni ya marehemu na familia inaidai. Au kwamba ina kasoro ya hatari. Anande akanitazama, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda mwenyewe. Akamweleza ukweli. Ukweli! Mpango huo sikuwa nimeufikiria.

Yule bwana akacheka mpaka akatoa machozi. Cherehani akairudisha, fedha akasema zibaki kituoni, na juu yake akampa Anande kazi ya kushona sare za walinzi wake wote. Gari la kuileta nyumbani kalitoa Sifaeli. Akaishusha kwa mikono yake, taratibu, kisha akanipa pole. Pole, Sifaeli ananipa mimi!

Jumatano, 18 Septemba

Kamati imekaa. Mafundi wameshapanda juu ya jiko. Mwenyekiti mpya ni Anande. Makamu ni Sifaeli. Mimi nimepigiwa makofi, na Mama Tabitha akasema bila Elihuruma haya yote yasingetokea. Watu wakacheka kupita kiasi.

Mwenyekiti sasa ana sare za kushona, hana nafasi ya kwenda Akeri. Amenituma mimi nikamkatie mama mkwe majani ya ng'ombe mpaka mguu upone. Kabla sijaondoka ameniapisha: nisiguse tena kitu chake chochote. Nimeapa kwa moyo wote. Mtu lazima ajifunze.

Naandika nikiwa zizini. Kuna ndama hapa. Mnene, mpole, ana doa jeupe usoni, anamfuata yeyote mwenye kamba. Desemba kituo kitafanya mnada mwingine, wa kupata fedha za vitanda. Mama mkwe hawezi kutembea mpaka huku, na mgeni rasmi safari hii nitamchukua wa hapa hapa Meru, mtu anayejua kurudisha.

Kiapo nitakishika. Ndama si wa Anande. Ni wa mama yake.