Mkurugenzi Atafuta Kosa

Serikali ilitangaza kwa fahari, tarumbeta zikilia, kwamba kuanzia Jumatatu wananchi wote watapevuka kwa kukubali kuwa wamekosea. Ikaundwa Idara ya Kukiri Makosa, na Mkurugenzi wake akapewa jukumu la heshima: siku ya uzinduzi, mbele ya Waziri, akiri kosa lake mwenyewe, liwe mfano wa kuigwa.

Tatizo ni kwamba Mkurugenzi hakuwa nalo.

Alijitafuta mpaka shingo ikamuuma. Akamwita katibu muhtasi wake.

"Dada, niambie bila woga. Nimewahi kukosea?"

"Wewe, bosi?" Akashika kifua. "Labda kutuzidi wema."

"Hiyo ni sifa."

"Basi huna, bosi. Pole sana."

Akarudi nyumbani mnyonge kama kuku aliyenyeshewa. "Mke wangu, nisaidie. Nataka kosa langu, hata moja."

Mkewe akazima jiko, akavuta kiti, akaketi vizuri. "Tuanzie wapi, baba watoto? Chooni?"

Mlango wa choo chao ulifungukia ndani, ukagonga sinki. Fundi alionya mapema, akafokewa. Tangu hapo familia huingia kiubavu, na mjomba, mtu wa kitambi, hajakanyaga tena nyumba ile.

"Ule ni mkakati wa usalama," Mkurugenzi akasema. "Mwizi hapiti."

"Chooni aibe nini?"

Mkurugenzi akachomoa kalamu, akaandika kiganjani: mlango wa choo. 

Siku ya uzinduzi akasimama jukwaani. "Ndugu wananchi, nilikosea kuhusu mlango wa choo changu. Fundi aliniambia, nikamfokea. Fundi alikuwa sahihi."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Mkurugenzi akajisikia mwepesi kama aliyetua gunia la mawe. Kumbe kukosea ni kutamu hivi! Akang'ang'ania kipaza sauti. Akakiri kwamba humkatiza mkewe kila akizungumza. Akakiri kwamba kwenye mikutano hutikisa kichwa bila kuelewa kitu. Vigelegele! Mkewe, safu ya mbele, alicheka mpaka akajifuta macho.

Waziri akaona wivu. Ameketi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote, na hakuna anayemtazama! Akainuka, akapokonya kipaza sauti.

"Choo ni kitu gani? Mimi nimejenga daraja mahali pasipo na mto!"

Paa nusura liezuke.

"Na kazi nikampa shemeji yangu! Hana hata koleo!"

Watu wakapanda juu ya viti. Msaidizi wake akamvuta koti. "Mheshimiwa, inatosha."

"Niache! Napevuka!"

Mkuu wa polisi, mgeni mwalikwa, akasogea hadi jukwaani kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, tunajifunza mengi. Huyo shemeji anaitwa nani vile?"

Waziri, machozi ya furaha yakimtiririka, akamtajia jina herufi kwa herufi, akaongeza na mtaa anaokaa.