Ombi la Kuukinga Ufalme wa Zarambo dhidi ya Vikao vya Ukoo

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Kudumu wa Vikao vya Ukoo.

Shangazi mheshimiwa,

YAH: KUAHIRISHWA KWA MARA YA SABA KWA ANGUKO LA UFALME

Shikamoo. Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu, nakuarifu kwamba Ufalme wa Zarambo, uliotakiwa kuanza kuanguka Jumamosi iliyopita saa nane mchana, bado umesimama.

Kwa kuwa uliwahi kuniuliza kama hii ni dini mpya, naeleza tena. Ni mchezo wa mezani. Mimi ndiye msimulizi: natunga dunia nzima, na wenzangu watatu kila mmoja anachagua mtu wa kumwigiza ndani yake. Wao wanasema wanachotaka kufanya, dadu zinaamua kama wamefaulu. Kisa chetu, yaani anguko lenyewe la Zarambo, kitachukua Jumamosi zote za mwaka mmoja. Maandalizi yamechukua miaka miwili. Nina kurasa mia mbili na kumi na nne, ramani kumi na moja, na orodha ya wafalme wote, akiwemo yule aliyekufa kwa kukabwa na mwiba wa samaki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jirani yetu kinyozi, tunayemwita Wembe, hasomi. Nilimpa sura tisa za mwanzo ili asije mezani kichwa kitupu. Akazipima mkononi kama mtu anayenunua nyama, akasema, "Kaka, mimi nataka kupigana na joka tu. Hao babu zake mfalme nitawasoma nikistaafu." Siku tatu baadaye niliiona sura ya nne shingoni mwa mteja, ikizuia nywele.

2. Mdogo wangu, muuguzi, anasoma mno. Nilikuwa na tauni nzuri sana ya kuhara, iliyoua nusu ya ufalme pamoja na mrithi wa kiti. Akanirudishia ikiwa na wino mwekundu: "Hawa wangepona kwa maji ya chumvi na sukari. Nani alikuwa zamu?" Mrithi amepona, ameoa, amezaa, na historia ya miaka mia tatu imebidi niiandike upya kwa sababu ya vijiko viwili vya sukari.

3. Mumewe, yaani shemeji fundi bomba, aliambiwa achague awe nani katika dunia ya wachawi, mashujaa na majoka. Akafikiri sana, mpaka chai ikapoa. Akasema, "Fundi bomba." Nikamweleza kwamba Zarambo hakuna mabomba. "Sasa si ndiyo maana wanaumwa?" akasema, na mkewe akamuunga mkono. Nimetumia wiki tano kuchora mifereji ya majitaka ya mji mkuu. Imependeza, sikatai.

4. Hapa naomba uniwie radhi, kwani mlalamikiwa ni wewe. Vikao vyako huangukia Jumamosi, saa nane ile ile, na ukishapiga simu hakuna wa kubisha. Kikao cha mwisho kilijadili nani aliliacha geti wazi. Saa tatu nzima, Shangazi, na sote tulijua ni wewe.

Sasa wenzangu wamenipa neno la mwisho. Tusipoanza Jumamosi hii, wanahamia kwa mfamasia wa mtaani kwetu kucheza karata, mchezo ambao maandalizi yake ni kuchanganya tu. Nikiwapoteza hawa watatu sina wengine. Mtaa mzima nimeshauuliza, na sasa watu wakiniona na bahasha wanavuka barabara.

Kwa hiyo naomba ukoo upitishe yafuatayo: kusiwe na kikao Jumamosi, harusi zifungwe Jumanne, wajawazito wajipange mapema, na ndugu anayelazimika kufa afanye hivyo katikati ya wiki, kwa taarifa ya maandishi. Ukoo ukiona ugumu, basi Jumamosi iondolewe kabisa kwenye kalenda yetu kwa mwaka mmoja, halafu tutazilipa zote kwa mkupuo.

Msalimie mjomba, watoto, wapangaji wa uani, na yule mgeni wenu aliyekuja kwa siku mbili.

Nabaki mwanao, mtiifu kwako siku sita za wiki,

Msimulizi.

Nyongeza: Shangazi, tafadhali anza kusoma hapa. Leo asubuhi wote watatu wamethibitisha kuwa wanakuja. Wembe atafunga duka, mdogo wangu amebadilishana zamu, shemeji amesema atazima simu. Nakuomba sana, kinyume cha yote niliyoandika hapo juu, uitishe kikao Jumamosi, saa nane kamili, juu ya jambo lolote lile. Tangu jana nimepekua maandishi yangu yote, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna mahali nilipoandika wao watafanya nini wakishaingia Zarambo.