Mtandao Wenye Mdomo Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Mtandao wa Maarifa kwa Wakulima umezaliwa! Ni kundi la simuni, wakulima wa bonde zima wamo. Ijumaa watu wa ofisi ya kilimo wanakuja kukagua shamba langu la nyanya na kuteua mratibu wa mtandao. Nani kama si mimi? Ila kundi halina adabu. Shemeji, kaka yake mke wangu, kaweka picha ya mbuzi anayemuuza. Mwingine maua ya kutakia watu asubuhi njema. Nimelifunga: ninayeandika ni mimi tu, wengine wasome. Sasa maarifa yanakwenda vizuri. Nimewafundisha kumwagia nyanya maji juu ya majani kila jioni, ziloe chepechepe.

Jumatano, 6 Machi
Majani ya nyanya zangu yana madoa ya kahawia. Mke wangu anasema kuna jambo kalisikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Nimemwambia asubiri litoke kwenye kundi, mambo yana utaratibu wake. Kuuliza hadharani siwezi, mwanzilishi atachekwa. Nikampigia bwana shamba, nikasema kuna rafiki yangu nyanya zake zinaumwa. Akajibu kwamba rafiki huyo aulize kwenye mtandao wangu, amesikia unasifiwa. Shemeji, aliyekuwa kaketi karibu akisikiliza, naye alitaka kujua kama huyo rafiki analala kitandani kwangu. Jitu halina haya.

Alhamisi, 7 Machi
Akili mpya. Nimechukua simu ya mke wangu niulize kwa jina lake. Imekataa. Kundi nimelifunga mwenyewe! Nikalifungua. Kumbe watu walikuwa wamebanwa: mbuzi, maua, ugomvi wa mpaka wa shamba, vyote kwa mpigo. Swali langu likafukiwa. Jibu lilikuja moja tu, kwamba amwambie mumewe aache kuziogesha. Nimefunga tena kwa hasira.

Nikaenda mashineni. Foleni nzima inazungumza nyanya, nimesikia kwa masikio yangu. Waliponiona, kimya. Mama mwenye mashine akaniuliza, kwa heshima zote, kama wana ruhusa ya kuendelea. Nimerudi bila hata unga.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Nyanya za mbele zimekauka. Wageni wakazunguka nyuma ya jiko, wakakuta mistari michache ya kijani kibichi. Nikasema hapo ndipo mtandao ulipofanya kazi. Wakauliza umefanyaje. Nikakohoa. Mke wangu akaeleza kwamba anamwagia shinani, asubuhi, na majani ya chini yenye madoa ameyang'oa. Kayasikia hayo kwa wenzake kwenye foleni. Wakaandika weee. Mratibu ni yeye. Vikao vitafanyika mashineni.

Roho imeniuma, sifichi. Kanipakulia chakula kingi kuliko kawaida, nikazidi kuumia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimechunguza kosa lilipo. Ni Alhamisi, nilipolifungua kundi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nimeanzisha jingine, la vitunguu, la watu waliopita mchujo. Mke wangu ameomba kuingia, akanikumbusha kuwa yeye ndiye mratibu. Nimemwambia alete maombi, yatajadiliwa.

Kwa sasa mwanachama ni mimi peke yangu. Utulivu mtupu. Majani ya vitunguu vyangu yameanza kuwa njano nchani, nimeuliza kwenye kundi sababu yake ni nini. Nangoja majibu.