Tembo wa Hemedi Hana Pembe

Jumatatu, 4 Mfungo Sita 1310
Hemedi, tajiri wa pembe, amerudi pwani na watu wake wote. Ametuachia hapa Kasongo nyumba yake ya udongo yenye umbo la tembo. Masikio ya mikeka, mkonga hadi chini, mlango chini ya mkia. (Wageni wa heshima waliingia humo wameinama!) Sasa nani atakaa tumboni? Mzee Amuri, aliyeachiwa ufunguo, amesema atakayeikandika vizuri kabla ya Maulidi atakaa yeye. Amuri ni baba yake Aziza. Ameshaniambia hamwozi binti yake mtu anayelala barazani kwa watu. Basi: nyumba kwanza, kisha Aziza. Rahisi!

Jumatano, 6
Si rahisi. Bi Mwamvita, muuza mchele, anaitaka iwe ghala. Amuri katugawia: Mwamvita nyuma, mimi mbele, tuone nani hodari. Ameleta wanawake kumi, wanakanyaga udongo na kuimba. Mimi nimekaa mbele ya uso wa tembo, nikimtazama. Mbona hana pembe? Mfanyabiashara wa pembe ajenge tembo bila pembe? Ndipo nikakumbuka: wenye pembe huzifukia ardhini zisipasuke kwa jua. Ziko chini ya mdomo! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeazima jembe.

Ijumaa, 8
Shimo limefika kiunoni. Nimepata kikombe cha kahawa, kimevunjika. Nani hufukia kikombe? Ni alama, bila shaka. Mwamvita akaniuliza kwa Kiswahili cha huku bara, “Uko nachimba kisima, baba?” Nikamjibu naimarisha msingi. Alicheka mpaka akakaa kwenye udongo wake.

Jumapili, 10
Mvua! Shimo likajaa, mguu wa mbele ukalegea, mkonga ukaanguka, kisha kichwa kizima. Mimi nimo shimoni, maji kifuani. Amuri akaja kutazama. Akasema watu wengine huziba ufa, mimi nauchimba. Nyumba kampa Mwamvita. Aziza alikuwa nyuma ya baba yake. Alisema angekaa nami hata chini ya mkia wa tembo, lakini si shimoni. Iliniuma sana. Nililia, na kwa matope yale hakuna aliyejua.

Jumanne, 12, Maulidi
Yamesomwa tumboni mwa tembo. Palipokuwa na shingo, Mwamvita ameziba kwa matete. Shehe mwenyewe aliinama mkiani. Wali ulikuwa mtamu, naona uchungu kuandika hivyo. Kisha Mwamvita akanihurumia: nilale humo, nimlindie mchele usiliwe na panya. Amuri naye kalegea. Nikitulia hadi mavuno, bila ujanja wowote, atanipa jibu jingine kuhusu Aziza. Aziza alitabasamu! Nimeapa mbele ya wote.

Mkeka wangu uko kwenye mguu wa nyuma. Nimepagonga kwa kisigino: panalia kama pana uwazi chini. Mtu mjanja kama Hemedi angezifukia pembe mbele, mahali ambapo kila mtu angefikiria?

Jembe sijarudisha bado.