Makofi ya Namba Saba

Redio alifika kijiweni na gazeti kwapani, kofia ya ulinzi imekaa upande, na kabla hajakalia benchi alikuwa keshaanza kutangaza. Kutangaza ndiyo kazi yake. Kulinda geti la nyuma la hospitali ni kwa kupitishia muda tu.

"Hospitali yetu iko gazetini! Kesho wanafunua kibao. Miaka hamsini iliyopita kuna mtu alijitolea kuumwa na mbu, ili watafiti wajue dawa ya malaria inafanya kazi au inazuga. Jina halijulikani. Kwenye daftari lao aliandikwa Namba Saba, basi."

Soli, fundi viatu, alitoa misumari mdomoni. "Kuumwa na mbu? Mimi naumwa kila siku! Chandarua changu kina tundu la kupita mbuzi. Kibao changu kiko wapi?"

"Wewe hujapimwa."

"Mbu wamenipima! Wananijua mpaka ubavu ninaolalia."

Bibi Birika, mwenye kahawa, hakuinua uso. Alimmiminia Redio kikombe chake, akapuliza makaa, akaendelea kusikiliza.

"Mnabishana na mwandishi wa kibao mwenyewe nimekaa hapa?" alidakia Brashi, rangi ya bluu imejaa kwenye kucha. "Kiko kibandani kwangu kinakauka. Ubao mweupe, herufi za bluu, kivuli cheusi. Kimebaki kijistari cha chini tu."

"Cha nini?"

"Swali gani hilo? Cha jina langu na namba ya simu."

Hapo hakuna aliyeshangaa. Brashi hajawahi kuandika kibao asijitangaze chini yake. Hata makaburini, ukishamaliza kusoma jina la marehemu, chini unakuta: Brashi, piga simu wakati wowote.

"Huyo Namba Saba alikuwa hana kazi," alisema Soli. "Mtu mwenye akili zake anapeleka mkono kwenye sanduku la mbu? Au alikuwa mlevi. Basi walioumia ni mbu."

"Koma! Alikuwa shujaa," Redio aling'aka. "Namwona kabisa. Pande la mtu, miraba minne, woga haujui hata kwa kusikia."

"Alikuwa mwembamba," alisema Bibi Birika. "Na woga aliujua wote. Paka akimkatiza njia, safari imeishia hapo."

Wote wakamgeukia. Bibi akafunua birika. Kwenye kamba ya kile kifuniko kilining'inia kisahani cha bati, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kimechongwa saba katikati.

"Hiki mmekiona miaka mingapi?"

"Si namba ya birika hiyo?" aliuliza Redio.

"Nina birika moja. Niliite la saba ili iweje? Hiki ndicho walichomfunga mkononi mume wangu."

"Mzee Taratibu?" Soli alisimama, kiatu cha watu kikaanguka. "Taratibu wetu, aliyekuwa akikaa kona hii ya benchi? Yule aliyezimia kwa kuona shazia yangu ya kushonea viatu?"

"Na woga huo wa sindano ndio ulioanzisha yote. Watafiti walikuja, wakasema wengine watachomwa sindano, wengine wataumwa na mbu. Akauliza, kwenye mbu sindano haipo kabisa? Wakamwambia haipo. Akaenda kwenye mbu."

Soli alicheka mpaka akajishika mbavu. Redio alikunja gazeti kama mtu aliyefiwa. "Kumbe shujaa wangu alikimbia sindano."

"Mara ya kwanza, ndiyo." Bibi hakuongeza sauti. "Homa ikamlaza siku tisa. Meno yakigongana mpaka jirani akaja kuuliza nani anatwanga muda wote huo. Wakampa dawa, akapona, wakamwambia yatosha, nenda nyumbani. Mara ya pili alirudi mwenyewe. Na ya tatu. Mtoto wetu wa kwanza aliondoka na homa hiyo hiyo, hajaota hata jino. Akaniambia, mke wangu, wale watu kila kitu wanaandika. Acha niwape cha kuandika."

Soli aliokota kiatu, akakifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Mbona hukutuambia, Bibi?"

"Alikataza. Enzi zile watu walikuwa wakimwita Chakula cha Mbu, akachoka. Lakini sasa wanamtundika ukutani. Brashi, mjukuu wangu, niliishi na mtu miaka arobaini na mmoja. Sikuishi na hesabu. Mwandikie jina lake."

"Bibi, yale maneno yamepigwa muhuri! Niliomba kusogeza nukta moja tu, wakaitana vikao viwili. Nikigusa herufi wananifukuza na ngazi yangu."

"Kile kijistari cha chini je?"

Brashi alijishika ubavu, utadhani kaombwa figo. "Kile changu! Bibi, kesho wanakuja wakubwa, wenye maghorofa, watu wana kuta nyeupe hazijaandikwa hata neno!"

Bibi alimimina kahawa, akakiweka kikombe kwenye ile kona ya benchi, akasubiri. Kusubiri alikuwa kakuzoea. Mume wake hakuitwa Taratibu bure. Kahawa ikafuka, ikapoa. Brashi akatazama kikombe, akatazama kucha zake, akarudi kwenye kikombe.

"La ukoo haliingii," akanung'unika. "Nafasi ni finyu."

"Andika lile alilokuwa akiitikia."

Kesho yake mgeni rasmi alivuta pazia, akasoma kibao kwenye kipaza sauti, neno kwa neno, mpaka chini kabisa, pale ambapo mtaa mzima umezoea kukuta jina la mwandishi wa vibao. Akatabasamu.

"Na tumpongeze fundi aliyetuandikia kibao hiki, Mzee Taratibu! Mwandiko mzuri ajabu! Makofi tafadhali!"

Uwanja ulilipuka. Wauguzi wakapiga vigelegele, wagonjwa wakapiga madirisha, Redio akapuliza filimbi ya getini. Brashi aliruka kwenye kiti kama aliyekalia shazia ya Soli.

"Mheshimiwa! Fundi ni mimi! Taratibu ndiye—"

Mkono ukamdaka shati kwa nyuma. Bibi Birika alikuwa akicheka huku machozi yanamtiririka, kile kisahani cha bati kimo kiganjani.

"Taratibu na mwandiko mzuri! Hata kuku akichakura alikuwa akimshinda," alisema. "Kaa kwanza, mjukuu wangu. Wakimaliza utawasahihisha, wapige tena."

Brashi akakaa, kidole juu, akingoja makofi yaishe. Yalichelewa kuisha, na Bibi hakuwa na haraka hata kidogo.