Tasbihi Arobaini za Darasa la Nane

Jumatatu, 8 Julai 1985. Isiolo.
Taabu tupu. Kiswahili sasa kinatahiniwa, na mimi niliyefundisha kilimo miaka minne nimetupiwa darasa la nane. Leo hedimasta Mutuma ametangaza kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi. Nafasi ya chuo cha ualimu ni moja. Walimu wasio na cheti ni wawili, mimi na Nakiru. Atakayeachwa, kazi yake inaisha Desemba. Nikiachwa mimi, ni kurudi Biliqo kuchunga mbuzi wa kaka yangu. Anaingoja siku hiyo tangu nivae viatu.

Jumanne, 9 Julai.
Nilisimama nje ya ofisi nikisikiliza. Si kosa langu, dirisha lilikuwa wazi. Nakiru alimwambia hedimasta kwamba kila mtoto wa darasa lake ana tashbihi tano tayari kwa mkaguzi. Chai imenishinda kwa hasira. Nakiru ni Mturkana, Mkatoliki, salaam aleikum yenyewe anaitikia kwa kubahatisha. Leo anataka kupanda kwa tasbihi zetu! Tena anaitamka vibaya, anatia sh kama mtu mwenye pengo. Amezitoa wapi? Sijali. Mimi pia nitazipata.

Jumatano, 10 Julai.
Nimezunguka mji mzima. Msikitini nimeazima kumi na mbili. Kwa wazee wa soko la mifugo, tisa. Nyingine watoto wameleta za nyumbani. Ya mama nimeichukua alipokuwa akitawadha. Ni ile ya marehemu baba, aliyoishika hadi siku ya mwisho. Mama ana vidole kumi, atahesabia hivyo.
Nakiru alinifuata, ati tukae kidogo tupitie istilahi, kuna zinazochanganya watu. Nilimwambia mimi nimezaliwa katika nyumba ya tasbihi. Aliniangalia, akaenda zake.

Alhamisi, 11 Julai.
Nimekwisha. Mkaguzi, Mzee Kahin, alisoma kifungu cha ufahamu kuhusu ukame. Akaliambia darasa limpe tashbihi moja. Nikakonyeza. Mikono arobaini juu, tasbihi zinaning'inia. Mzee akazitazama safu kwa safu. Kisha akauliza kama watoto wanakwenda kuswali. Nikamjibu kwa heshima kwamba kwa Nakiru hatapata za kweli kama hizi.
Hapo Asli, msichana wa dawati la mbele, akainuka bila ruhusa. Akasema tashbihi ni kufananisha vitu kwa kutumia neno kama. Akatoa mfano: nchi imekauka kama ngozi ya ngoma. Kumbe Nakiru humfundisha jioni. Msaliti mdogo. Nikamnyang'anya tasbihi aliyoshika, uzi ukakatika. Ilikuwa ya mama. Shanga zikatawanyika chini ya madawati. Mkaguzi, mzee mzima mwenye suti, alipiga magoti akaziokota pamoja na watoto. Mimi nilibaki nimesimama.

Ijumaa, 12 Julai.
Shanga zilizopatikana ni tisini na moja kati ya tisini na tisa. Mama hakunigombeza. Amezitia kwenye kikombe, anaziangalia tu. Heri angenipiga. Kosa la yote haya ni la Nakiru. Angesema wazi tangu Jumanne, nisingefika hapa.
Lakini sijafa. Hedimasta ameleta barua. Mkaguzi amenihurumia, ananipa nafasi ya mwisho Jumatatu. Nifundishe istiara. Nakiru alikuwa langoni akinisubiri. Sikusimama. Akasema nyuma yangu kwamba istiara ni kufananisha bila kutumia kama. Hila tupu, anataka nipotee tena.
Sihitaji mwalimu wa neno hilo. Mzee ana haraka, amesahau h, basi. Istihara! Rakaa mbili, dua, unalala, jibu linakuja usingizini. Nimewaagiza watoto wote arobaini. Wakristo wasali kwa njia yao, sina ubaguzi. Jumatatu kila mmoja aje na ndoto yake, imeandikwa kwa wino. Tuone Nakiru atazitoa wapi ndoto arobaini.